Alama Haiingii Mpaka Ujibu

Mimi Reba Slone nimekuwa karani wa idara ya historia katika chuo chetu cha Laurel Bend tangu nywele zangu zilipokuwa nyekundu bila msaada wa dukani. Nimeona wakuu wa idara wakija na kuondoka, wengine na vyeo virefu kuliko akili zao, na nasema bila kumung'unya maneno: mwalimu niliyemwona pale ni mmoja tu, na huyo hakupewa hata mlango wa kufunga.

Jina lake Orrin Stidham. Alifundisha somo moja, historia ya Marekani ya mwanzo, kuanzia wenyeji waliokuwepo kabla ya meli za Wazungu mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa mwalimu wa kibarua. Kila muhula anaajiriwa upya, muhula ukiisha hana chake, anasubiri simu. Ofisi hakuwa nayo. Meza yake ilikuwa koridoni, kando ya mashine ya soda, na hapo ndipo alipokuwa akisahihisha insha huku makopo yakidondoka ng'a, ng'a, mgongoni kwake.

Na kusahihisha kwenyewe sasa! Walimu wengine nawajua, insha arobaini anazimaliza huku anatazama mpira. Orrin alisoma kila insha mara mbili kwa kalamu ya risasi. Kalamu nyekundu hakuitaka, akisema ni ya wachinjaji. Mwisho wa insha hakuandika "vizuri" wala "jitahidi." Aliandika swali moja, linalotokana na insha yako wewe, si ya mwenzako. Alama yako haikuingia mpaka uje koridoni, ukae kwenye kiti cha plastiki mbele yake, umjibu kwa mdomo. Wanafunzi walikiita kiti cha umeme, kama kile cha kuulia wafungwa.

"Vipi, umeshakalia umeme?" walikuwa wakiulizana.

"Nimekalia. Kaniambia nirudi Alhamisi."

"Pole. Mimi nimekwenda mara tatu, na mama yangu sasa anadhani nina mchumba huko."

Waliokuwa wakiogopa zaidi ni wale wa insha ya Wacherokee. Wacherokee, wenyeji wa milima hii kabla ya Wazungu, walikuwa na mikataba iliyotiwa sahihi kwamba ardhi ni yao, mahakama kuu ikasema ni yao, na bado wakaswagwa na askari mpaka ng'ambo ya mto Mississippi, wazee na watoto wakifia njiani. Mwanafunzi ataandika vizuri yote hayo, halafu atakaa kwenye kiti, na Orrin atamwuliza: nani aliyeivunja ahadi?

"Serikali, bwana."

"Serikali haina mkono, mwanangu. Kalamu hushikwa na mkono. Mkono wa nani?"

"Sijui, bwana."

"Basi rudi ukijua."

Hata mimi niliyekuwa napita na chai yangu nilikuwa najiuliza ni mkono wa nani.

Sasa, katika wote waliokalia kile kiti, aliyekikalia zaidi alikuwa Garland Ratliff. Mtoto wa mchimba makaa ya mawe, kutoka bonde la juu kule ambako barabara inakwisha. Alikuja darasani na hasira za kutosha kijiji kizima. Insha yake ya kwanza alirudishwa, ya pili akarudishwa, mara akapiga teke mashine ya soda, na ile alama ya buti ipo mpaka leo. "Mzee unanionea!" alipiga kelele. Orrin akamjibu, "Kaa chini, Garland. Ningekuwa nakuonea ningekupa C uende zako."

Gari la yule kijana lilipokufa, Orrin ndiye aliyekuwa akimpandisha bondeni kwa pikapu yake. Vitabu alimpa vyake. Barua za kuombea vyuo vikubwa alimwandikia yeye. Baba yake Garland alipofariki, mapafu yamejaa vumbi la makaa, Orrin alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Orrin na marehemu mkewe hawakujaliwa mtoto, basi kila mtu alikuwa akijua Garland ni nani kwake. Na siku Garland aliporudi kwetu na udaktari wake wa historia, mimi mwenyewe nilioka keki ya nazi, na Orrin alikula vipande viwili huku anajifuta macho, akisingizia pilipili. Pilipili kwenye keki! Miaka michache mbele, Garland akawa mkuu wa idara. Nikasema moyoni, sasa mzee wangu atapata haki yake.

Ilikuwa majira ya kuchipua, ile wiki miti ya dogwood inapotoa maua, Garland akaja koridoni akakaa kwenye kiti cha plastiki mwenyewe, kwa hiari. Mlango wangu ulikuwa wazi, kama kawaida yangu.

"Mwalimu," akasema, "nafasi imetoka. Ajira ya kudumu, historia ya mwanzo. Ofisi, mlango, jina mlangoni."

"Ya nani?"

"Ya nani tena? Yako, mzee wangu! Kuna mwingine?"

Orrin akavua miwani. Alikuwa amevuka sitini na tano, na kitu hicho alikuwa amekingoja nusu ya maisha yake. Hakuwa mtu wa kutaka makuu. Alitaka mahali ambapo mwanafunzi anaweza kulia bila watu kupita na soda.

"Ila kitu kimoja," Garland akaendelea. "Kamati itataka kuona unavyofundisha. Kiangazi hiki tukurekodi. Masomo yako yote, la kwanza mpaka la mwisho. Wakikuona, hakuna atakayebisha."

Wakapeana mikono. Garland alipoondoka nikatoka mbio.

"Orrin, mwandikishe huyo."

"Nimwandikishe nini?"

"Hayo aliyoyasema! Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa lina wasahaulifu wengi."

Akacheka. "Reba, kwetu huku milimani mkono ukishapeanwa imetosha. Halafu huyu ni Garland."

"Wacherokee nao walikuwa wakisema 'huyu ni fulani.'"

"Una mdomo mchungu kama kahawa yako," akaniambia, akarudi kwenye insha zake.

Mnaona hapo? Mtu anayefundisha kila muhula kwamba watu wenye mikataba ya sahihi na mihuri waliporwa mchana kweupe, yeye mwenyewe akaridhika na mkono mtupu. Lakini ndivyo tulivyo. Babu yangu aliuza nyumbu wa kulimia na kununua shamba kwa kupeana mikono, na anayedai karatasi huku kwetu ni kama amekutukana mama. Orrin asingemtukana Garland hata kwa kisu shingoni.

Kiangazi chote akavaa tai yake ya kahawia, katikati ya joto, akasimama mbele ya viti vitupu na kamera moja. Nilikuwa nikimpelekea chai ya barafu. Shida yake ilikuwa moja, hakujua kufundisha bila kuuliza, na akiuliza hakuweza kuendelea bila kungoja jibu. Angeuliza kiti kitupu, "Kwa nini waliandika uhuru kwa watu wote huku wakimiliki watumwa?" halafu ananyamaza, anangoja. Mpaka siku moja Garland, aliyekuwa nyuma ya kamera, akajibu. Orrin akauliza tena, Garland akajibu tena, wakaendelea hivyo wiki nzima, mmoja mbele na mmoja nyuma ya kamera, wanabishana na kucheka kama zamani. Nilisimama mlangoni na gilasi yangu nikafurahi kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya yote, kwamba nilifurahi.

Mwezi wa Agosti kikaitishwa kikao cha ajira. Mimi ndiye mwandika kumbukumbu, na karani kikaoni ni kama pazia, haonekani. Garland akasimama, koti jipya, akasema kwa sauti laini kabisa.

"Masomo yote ya Stidham tunayo kwenye video, ni mali ya chuo. Napendekeza kozi nzima iende mtandaoni. Insha zitasahihishwa na kampuni, kwa mkataba. Kwa hiyo ile nafasi ya kudumu hatuihitaji tena. Tuifute."

Mjumbe mmoja akauliza, "Na Stidham mwenyewe?"

"Ataelewa," Garland akasema. "Ni muungwana."

Kalamu ikaniponyoka. "Ulimwahidi!" nikasema. Wote wakageuka kunitazama kana kwamba kiti kimesema.

"Bi Reba," Garland akasema, masikio yamemwiva, "kumbukumbu tu, tafadhali."

Wakapiga kura. Kabla wino haujakauka nilikuwa kwenye gari langu.

Nilimkuta Orrin barazani kwake anachambua maharage mabichi, bakuli mapajani. Nikamwambia yote, neno kwa neno. Hakuacha kukata ncha za maharage.

"Umesikia vibaya," akasema.

"Nimeandika mwenyewe!"

"Basi kuna aliyemlazimisha. Garland hawezi kupendekeza jambo hilo."

"Orrin, kikulacho ki nguoni mwako. Ni yeye. Alisimama, akafungua kinywa, yakatoka."

Akaweka bakuli chini. Akaingia ndani, akatoka amevaa tai ya kahawia, na sote wawili tukarudi chuoni ndani ya gari langu.

Ukuta kati ya ofisi yangu na ya Garland ni wa mbao nyembamba. Sikuhitaji hata kutega sikio.

"Mwalimu! Karibu, karibu, keti. Nilikuwa nataka kukupigia simu."

"Nafasi iko wapi, Garland?"

"Mwalimu, nilipigania. Mungu shahidi. Ni utawala. Huko juu wameamua kubana kila kitu."

"Utawala," Orrin akasema.

"Ndiyo."

"Utawala hauna mkono."

Nilisikia kiti kinalia.

"Usinifanyie hivyo, Mwalimu. Mimi si mwanafunzi tena. Dunia imebadilika, nani anakaa koridoni na mtoto mmoja nusu saa kwa ajili ya insha moja? Na tazama, sijakusahau. Kampuni inatafuta wasahihishaji. Nimekutaja. Utasahihisha ukiwa nyumbani, kwa kompyuta, kuna maoni tayari unabonyeza tu."

"Nisahihishe watoto nisiowaona, wanaofundishwa na picha yangu."

"Ukitaka kuliweka hivyo."

"Na maswali yangu?"

"Maswali hayamo kwenye mfumo."

Orrin alitoka akapita mbele yangu, akasimama kwenye ile meza ya koridoni, akakusanya kalamu zake za risasi, akazitia mfukoni mwa shati. Kiti cha plastiki alikisukuma chini ya meza taratibu. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, yeye hakulia. Aliniambia tu, "Nipeleke nyumbani, Reba, maharage yatanyauka."

Mwingine hapo angekaa barazani mpaka kufa. Wiki mbili baadaye Orrin akaja dirishani kwangu, amevaa kofia, ameshika kitambulisho.

"Nataka kujiandikisha."

"Kufanya nini?"

"Kusoma. Sheria ya jimbo letu inasema mzee aliyevuka sitini na tano anasoma bure chuo cha umma. Au wameifuta nayo?"

"Kusoma nini, wewe?"

"Historia ya Marekani ya mwanzo. Nasikia mwalimu wake si mbaya."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Halafu nikamtazama usoni nikaona hatanii, nikamwandikisha.

Kompyuta yake ilikuwa ya kale, kwa hiyo Jumamosi mchana nilikuwa nikimpelekea yangu, tunakaa jikoni kwake, mkate wa mahindi mezani. Orrin anamtazama Orrin. "Hapo nimekosea mwaka," ananung'unika. "Sogea kwenye mwanga, bwana wewe." Na kila Orrin wa kwenye video alipouliza swali, palikuwa na mkato, tap, na somo linaendelea. Yale mapumziko yote waliyakata. Sauti ya Garland akijibu nyuma ya kamera, nayo waliikata. Orrin alirudisha nyuma mara kadhaa kuitafuta, akaacha.

Ikaja insha ya Wacherokee. Aliiandika kwa muda mrefu, kwa mkono kwanza, halafu mimi nikampigia chapa. Sijawahi kusoma kitu kama kile. Iliporudi kutoka kwa kampuni, sijui mji gani, ilikuwa na C. Chini yake: "Kazi nzuri! Endelea hivyo! Zingatia zaidi wazo kuu."

"Kazi nzuri," Orrin akasoma kwa sauti. "Na juu yake picha yangu. Watoto wanadhani ni mimi niliyeandika hivi."

Hapo ndipo nilipomwona amevunjika, jamani. Kunyimwa ofisi aliliweza. Lakini jina lake, uso wake, vinamwambia mtoto wa watu "kazi nzuri" bila mtu kusoma! Akafunika kompyuta akabaki ameshika kifuniko kwa mikono miwili.

Kanuni yetu ya chuo ni hii: mwanafunzi asiyeridhika na alama anakata rufaa kwa mkuu wa idara, na mkuu lazima aisome kazi yeye mwenyewe. Orrin akachukua ile insha niliyoichapa, akaongeza mstari mmoja mwishoni kabisa, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko ule ule uliokalisha nusu ya wilaya hii kwenye kiti cha plastiki. Akanipa niisome. Iliandikwa: *Garland, nilikukosea nini?*

"Peleka," akasema. "Atajibu. Huyu nimemfundisha mimi."

Bado alikuwa anamwamini. Mpaka hapo!

Jumatatu nikaiweka mezani kwa Garland. Akasoma jina, uso ukabadilika.

"Bi Reba, huu ni mzaha?"

"Ni rufaa. Kanuni inasema uisome."

"Iache hapo."

Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa kwenye trei yangu. Juu ya ukurasa wa kwanza: *Rufaa imekubaliwa. Alama: A. Sahihi: G. Ratliff.* Pini ya kona ilikuwa imelala vilevile nilivyoibana, kurasa hazina hata mkunjo.

Nikampelekea Orrin. Alikuwa barazani, alinyanyuka aliponiona, mtu mzima na magoti yake mabovu.

"Amejibu?"

"Amekupa A."

Akafungua ukurasa wa mwisho. Chini ya swali palikuwa peupe. Akageuza karatasi, labda nyuma. Nyuma nako hakuna.

"Sikuuliza alama, Reba," akasema, na machozi yakamtoka, mtu ambaye hakulia hata tulipomzika mkewe. Fadhila za punda ni mateke, wanasema, lakini punda hakusomeshwa na mtu, ana udhuru wake. Nilimshika bega mpaka akatulia.

"Mrudishie," akasema mwishowe. "Mwambie alama haiingii mpaka ajibu."

Kesho yake nikaingia kwa Garland bila kubisha hodi, nikaiweka mbele yake.

"Anataka nini zaidi?" akasema. "Juu ya A hakuna alama nyingine!"

"Fungua ukurasa wa mwisho."

Akaweka kiganja juu ya karatasi. Nikangoja. Kiganja kilibaki palepale, kimebana kurasa zisifunguke, na macho yake yakaenda dirishani.

"Nina kikao, Bi Reba."

Mtu asiyejua kilichomo ukurasa wa mwisho angeufungua. Yeye alikalia kile kiti kuliko wote, anajua Orrin Stidham huandika nini mwisho wa insha.

Basi jioni anaitia kwenye droo, asubuhi mimi nafungua na ufunguo wangu naiweka tena katikati ya meza. Watu wananitisha eti ataniachisha kazi. Na aniachishe. Barua ikija nitamwuliza mbele ya watu imetiwa sahihi na mkono wa nani.